Maple Leafs: Makocha watatu, kilio kile kile

*Mei 2025 rais wa klabu aliondoka. Meneja mkuu na kocha walibaki, lakini viti vyao vilikuwa na moto. Kumbukumbu za uwanjani zinamnyooshea kidole mtu mwingine.*

JEZI ya buluu na nyeupe iliruka kutoka jukwaani ikatua juu ya barafu. Ikafuata nyingine. Ilikuwa Jumapili usiku, Mei 18, 2025, ndani ya ukumbi wa Scotiabank Arena jijini Toronto, na waliokuwa wakizirusha hawakuwa mashabiki wa wageni. Walikuwa wenye timu.

Toronto Maple Leafs walikuwa wanacheza mechi ya saba na ya mwisho ya raundi ya pili ya mtoano dhidi ya Florida Panthers. Mshindi anasonga mbele, aliyeshindwa anakwenda likizo. Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Katika kipindi cha pili Florida walipachika matatu: Seth Jones, kisha Anton Lundell, kisha Jonah Gadjovich, mtu ambaye hata kwenye timu yake hategemewi kufunga.

Max Domi alirudisha moja mwanzoni mwa kipindi cha tatu, ukumbi ukaamka. Haikupita dakika moja Eetu Luostarinen akawazima. Mpaka kengele ya mwisho, ubao ulisomeka 6-1. Siku nne kabla, katika mechi ya tano, Florida walikuwa wameshinda kwa idadi hiyo hiyo ya mabao, katika ukumbi huo huo.

Alhamisi, Mei 22, 2025, Maple Leaf Sports & Entertainment (MLSE), kampuni inayoimiliki klabu, ilitangaza kwamba haitamwongezea mkataba Brendan Shanahan, rais wa klabu tangu Aprili 2014. Kesho yake mtendaji mkuu wa MLSE, Keith Pelley, alieleza kuwa kiti hicho hakitajazwa. Meneja mkuu Brad Treliving na kocha mkuu Craig Berube waliendelea na kazi.

Swali lililotanda Toronto lilikuwa kama kuondoka kwa Shanahan kunatosha. Walikuwapo waliotaka Treliving naye afungashe virago na benchi lote la ufundi lisafishwe. Walikuwapo waliosema kocha alikuwa na msimu mmoja tu kazini, aachwe amalize alichokianza. Makala haya yanaipima hoja hiyo kwa matokeo na kwa mikataba, maana klabu hii ilikuwa imekwishabadilisha karibu kila kiti cha uongozi. Ambavyo haikuwa imethubutu kuvigusa ni viti vya wachezaji wanne.

Pointi 108, na bado kilio

Kwa msomaji ambaye hoki ya barafuni si mchezo wa nyumbani kwake: Ligi ya NHL ina timu 32 za Marekani na Kanada. Msimu wa 2024/25 kila timu ilicheza mechi 82, kisha timu 16 huingia kwenye mtoano wa raundi nne. Kila raundi ni ya mechi saba, na anayetangulia kushinda nne ndiye anayesonga. Wa mwisho kusimama hubeba Kombe la Stanley.

Msimu huo Maple Leafs walishinda mechi 52, wakakusanya pointi 108 na kuongoza kundi lao la Atlantic. Kwa msimu kamili wa mechi 82, hawakuwa wameongoza kundi tangu mwaka 2000. Raundi ya kwanza waliwatoa majirani zao, Ottawa Senators, kwa mechi sita. Kwa klabu nyingi, huo ungekuwa msimu wa kufanyia sherehe.

Toronto haiwezi kusherehekea hilo. Klabu imetwaa Kombe la Stanley mara 13, na mara ya mwisho ilikuwa Mei 1967, ligi ilipokuwa na timu sita tu. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa ametimiza miaka 58 mwaka 2025. Hata kufika hatua ya timu nne bora, mara ya mwisho ilikuwa 2002.

Tangu Auston Matthews aje mwaka 2016 akiwa chaguo la kwanza katika mgawo wa vijana, timu iliingia mtoano misimu tisa mfululizo hadi 2025. Katika misimu hiyo tisa ilishinda raundi mbili: dhidi ya Tampa Bay mwaka 2023 na dhidi ya Ottawa mwaka 2025.

Namna ya kuanguka nayo inauma. Dhidi ya Florida waliongoza kwa mechi mbili kwa bila. Katika mechi ya tatu wakafungwa katika muda wa nyongeza na Brad Marchand, mtu ambaye akiwa Boston Bruins alikwishawatoa Toronto katika mechi ya saba mwaka 2013, 2018, 2019 na 2024. Mwaka 2025 aliwatoa mara ya tano, akiwa na jezi ya Florida.

Mechi tano, mabao matano

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo wengi wanapopita haraka.

Kati ya 2019 na 2025, Maple Leafs walicheza mechi ya saba mara tano. Mwaka 2019 walifungwa 5-1 na Boston. Mwaka 2021 walifungwa 3-1 na Montreal Canadiens, baada ya kuongoza kwa mechi tatu kwa moja. Mwaka 2022 walifungwa 2-1 na Tampa Bay. Mwaka 2024 walifungwa 2-1 na Boston katika muda wa nyongeza. Na mwaka 2025 walifungwa 6-1.

Tazama upande wa Toronto. Moja, moja, moja, moja, moja. Waliofunga ni John Tavares, William Nylander, beki Morgan Rielly, Nylander tena, na Domi. Auston Matthews, aliyefunga mabao 69 katika msimu mmoja wa 2023/24, hayumo. Mitch Marner, aliyemaliza msimu wa 2024/25 na pointi 102 za mabao na pasi za mabao, hayumo.

> Mechi tano za saba, 2019 hadi 2025. Mabao matano. Matthews na Marner: sifuri.

Sasa tazama waliokuwa wamesimama nyuma ya benchi. Mwaka 2019 alikuwa Mike Babcock, bingwa wa Kombe la Stanley na Detroit mwaka 2008 na mshindi wa dhahabu mbili za Olimpiki na Kanada. Aliletwa kwa mkataba wa miaka minane na dola milioni 50, ambao wakati huo ulikuwa mkubwa kuliko wa kocha yeyote wa ligi. Alitimuliwa Novemba 2019.

Mwaka 2021, 2022 na 2024 alikuwa Sheldon Keefe, aliyepandishwa kutoka Toronto Marlies, timu ya chini ya klabu hiyo hiyo. Keefe alipenda timu imiliki mchezo, na alishinda mechi 212 za msimu wa kawaida. Alitimuliwa Mei 2024.

Mwaka 2025 alikuwa Berube, mtu wa shule nyingine kabisa. Enzi zake za uchezaji alikaa kwenye kizimba cha adhabu kwa zaidi ya dakika 3,000. Alitaka wachezaji wake wakimbilie kisahani kwenye kona, wagongane, wafunge mabao ya purukushani mbele ya lango.

Mkali wa nidhamu, mpenda umiliki, na mpenda mikiki. Falsafa tatu zisizofanana, na ilipofika mechi ya saba wote watatu waliondoka na bao moja. Mtu aliyetaka kocha wa nne alipaswa kueleza huyo wa nne angefanya nini ambacho hawa watatu hawakujaribu.

Kwa nini kocha huwa wa kwanza kufukuzwa

Jibu lipo kwenye mikataba. NHL ina kikomo cha mishahara: msimu wa 2024/25, hakuna timu iliyoruhusiwa kuvuka dola milioni 88 kwa wachezaji wake. Mshahara wa kocha haumo kwenye hesabu hiyo. Ukimfukuza unalipa fidia, unaajiri mwingine, na kikosi kinabaki kama kilivyo.

Mchezaji ni kazi nyingine. Msimu huo Matthews alilipwa wastani wa dola milioni 13.25 kwa mwaka, Nylander milioni 11.5, Tavares milioni 11 na Marner karibu milioni 10.9. Wanne hao peke yao walibeba zaidi ya nusu ya fedha zote zilizoruhusiwa. Waliobaki, wakiwamo makipa na safu nzima ya ulinzi, waligawana kilichosalia.

Juu ya hapo, mikataba yao ilikuwa na kipengele cha kutohamishwa bila ridhaa ya mchezaji mwenyewe. Machi 2025, vyombo vya habari vya Kanada viliripoti kwamba Marner aliombwa akubali kupelekwa Carolina katika mabadilishano ya kumpata mshambuliaji Mikko Rantanen, akakataa. Ilikuwa haki yake, na klabu ndiyo iliyomwandikia haki hiyo.

Mpango wenyewe haukuwa wa kijinga. Nyota hao walisaini kati ya 2018 na 2019, ligi ilipokuwa ikitarajia kikomo cha mishahara kipande mwaka hadi mwaka. Ikaja korona. Kikomo kikaganda kwenye dola milioni 81.5 kwa misimu mitatu, na Toronto ikajikuta na vichwa vinne vya gharama bila fedha ya kuvijengea mwili.

Lakini tangu ugonjwa ule miaka imepita, na klabu ilipata nafasi ya kubadili mwelekeo. Mwaka 2023 meneja mkuu Kyle Dubas, aliyewasainisha wote wanne, aliondoshwa baada ya miaka mitano. Akaja Treliving, na badala ya kuuvunja mfumo aliwaongezea mikataba Matthews na Nylander kwa bei ya juu zaidi. Meneja akabadilika, mchoro ukabaki ule ule.

Hoja ya St. Louis

Waliodai kocha abadilishwe walikuwa na ushahidi wa kweli. Los Angeles Kings walibadili kocha katikati ya msimu wa 2011/12 wakatwaa kombe. Pittsburgh Penguins walifanya hivyo msimu wa 2008/09, wakarudia 2015/16.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Berube mwenyewe. Novemba 2018 alikabidhiwa St. Louis Blues kwa muda, baada ya kocha Mike Yeo kutimuliwa. Mwanzoni mwa Januari 2019 timu hiyo ilikuwa ya mwisho katika ligi nzima. Juni 12, 2019 ilikuwa bingwa, baada ya kwenda Boston na kushinda mechi ya saba ya fainali kwa mabao 4-1.

Ni hadithi tamu, na ndiyo iliyompatia Berube kazi Toronto. Ila inahusu timu iliyokuwa ikicheza chini ya uwezo wake tangu mwanzo wa msimu. Maple Leafs hawakuwa na tatizo la Novemba wala Januari. Miezi sita ya msimu wa kawaida walishinda chini ya kocha yeyote. Shida ilianza kwenye mtoano, nafasi ya kupiga shuti ilipokuwa finyu na beki mpinzani hakuondoka mgongoni.

Waliomtetea Berube nao walikuwa na la kusema. Kipa wake namba moja, Anthony Stolarz, aliumia katika mechi ya kwanza dhidi ya Florida baada ya kugongwa kiwiko kichwani na Sam Bennett, na hakucheza tena katika raundi hiyo. Joseph Woll aliyeingia badala yake alifanya kazi kubwa, hadi kutoka bila kufungwa katika mechi ya sita iliyoisha 2-0 ugenini. Mechi ile ilionyesha kwamba timu iliweza kucheza alivyotaka kocha. Siku mbili baadaye, nyumbani, haikuweza.

Somo lililotoka Florida

Waliowatoa Toronto nao walipitia njia hii. Mwaka 2022 Florida Panthers walimaliza msimu wa kawaida wakiwa wa kwanza kati ya timu zote, kwa pointi 122. Kisha wakafagiliwa 4-0 na Tampa Bay katika raundi ya pili.

Meneja mkuu wao, Bill Zito, hakuridhika na ile nambari ya kwanza. Alimwacha kocha Andrew Brunette akamleta Paul Maurice, ambaye Toronto walimfukuza mwaka 2008. Angeishia hapo, angekuwa amefanya kile ambacho kila klabu hufanya.

Hakuishia hapo. Julai 22, 2022 alimtoa Jonathan Huberdeau, nyota aliyekuwa ametoka kupata pointi 115 msimu huo, pamoja na beki wa kutumainiwa, MacKenzie Weegar, ili ampate Matthew Tkachuk wa Calgary Flames. Tkachuk ni mfungaji, lakini pia ni mtu wa kusimama mbele ya lango na kupigwa magongo hadi afunge. Mwaka uliofuata Florida walifika fainali. Mwaka 2024 walitwaa kombe. Shanahan alipoondoka Mei 2025, walikuwa wanaongoza 2-0 dhidi ya Carolina katika fainali ya kanda.

Na meneja mkuu wa Calgary aliyekaa upande wa pili wa biashara ile alikuwa nani? Brad Treliving.

> Biashara iliyoijenga Florida, Treliving alikuwa upande wa pili wa meza.

Treliving alijua bei ya kuchelewa kuliko meneja yeyote wa ligi hii. Siku tisa kabla ya biashara ya Tkachuk, nyota wake mwingine wa Calgary, marehemu Johnny Gaudreau, alimaliza mkataba akaondoka kwenda Columbus, na klabu haikupata hata senti. Mei 2025 alikuwa Toronto, na Marner alikuwa anamaliza mkataba.

Ndani ya nyumba ile ile

Kama Florida ni mbali, MLSE wangetazama kwenye jengo lao wenyewe. Kampuni hiyo inamiliki pia Toronto Raptors wa mpira wa kikapu, wanaocheza katika ukumbi ule ule. Rais wa Raptors hadi 2025 alikuwa Masai Ujiri, aliyekulia Zaria, Nigeria, na ambaye mama yake ni Mkenya.

Mwaka 2018 Raptors walikuwa kama Maple Leafs wa 2025: wazuri msimu mzima, wanaanguka mtoano. Ujiri alimfukuza kocha Dwane Casey, ambaye mwezi uliofuata alitangazwa kocha bora wa NBA. Kisha akafanya jambo lililowaliza mashabiki. Alimtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha jiji, akamchukua Kawhi Leonard, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja wa mkataba.

DeRozan alikuwa ameipenda Toronto waziwazi na aliumia sana. Hakuna anayepaswa kulipitia hilo kijuujuu. Lakini Juni 2019 Raptors walikuwa mabingwa wa NBA kwa mara ya kwanza katika historia yao. Kocha mpya, Nick Nurse, alipewa kikosi tofauti na kile kilichomshinda Casey. Hadi Mei 2025 Maple Leafs hawakuwa wamempa kocha yeyote kati ya wale watatu zawadi hiyo.

Kilichowekwa rehani

Uongozi uliotakiwa kukibadili kikosi haukuwa na akiba kubwa. Nafasi za raundi ya kwanza katika mgawo wa vijana za mwaka 2025, 2026 na 2027 zote zilikuwa zimekwishatolewa kununua wachezaji wa kuisaidia timu wakati ule, wakiwamo mabeki Jake McCabe na Brandon Carlo na mshambuliaji Scott Laughton. Kujijenga upya kwa kulea chipukizi haikuwa njia iliyo wazi.

Muda nao haukusubiri. Mei 2025 Matthews alikuwa na miaka 27, na mkataba wake unaisha 2028. Msimu wa 2024/25, akisumbuliwa na maumivu, alifunga mabao 33 tu, na katika mechi 13 za mtoano alifunga matatu. Tavares alikuwa na miaka 34 na mkataba wake ulikuwa unaisha Juni 2025, sawa na wa Marner.

Upande wa wamiliki, kampuni ya Rogers ilikuwa inakamilisha ununuzi wa hisa za kampuni ya Bell katika MLSE, asilimia 37.5, kwa dola za Kanada bilioni 4.7. Ulipokamilika mwaka 2025, Rogers ilishika asilimia 75 ya MLSE. Mwenye mali anapobadilika, uvumilivu nao hubadilika. Shabiki anayelipa tiketi ghali zaidi au karibu na ghali zaidi katika ligi ana haki ya kujua fedha yake inanunua mpango gani.

Habari njema ilikuwa moja, na ilikuwa kubwa. Kikomo cha mishahara kilikuwa kinapanda hadi dola milioni 95.5 msimu wa 2025/26. Mikataba ya Marner na Tavares ikiondoka vitabuni, klabu ingekuwa na fedha ambayo haikuwahi kuwa nayo tangu Tavares aliposajiliwa Julai 2018.

Nani alipaswa kuondoka

Kumfukuza Berube wakati ule kungekuwa kosa. Alikuwa na msimu mmoja, kundi aliliongoza, na kipa wake aliumia siku ya kwanza ya raundi iliyomtoa. Kumwondoa kungekuwa kuwapa wachezaji wale wale kisingizio kingine.

Treliving naye alistahili kubaki, lakini kwa sharti ambalo Pelley alipaswa kumwekea hadharani: kikosi kisirudi Septemba kama kilivyokuwa. Mwaka 2023 alikuta nyota wanne wakiwa kazini na akaulinda mpangilio ule. Mei 2025 hakuwa tena na rais wa juu yake wa kumlaumu, kwa kuwa kiti cha rais kiliachwa wazi.

Na Marner alipaswa kwenda. Ni mwana wa eneo hilo hilo la Toronto na ni miongoni mwa wapiga pasi bora wa kizazi chake. Kwa miaka tisa alibebeshwa lawama ambazo nyingine hazikuwa zake, na matusi yaliyomfuata hayakustahili kumpata mchezaji yeyote. Ila timu iliyojengwa kumzunguka yeye na Matthews ilijaribiwa mara tano kwenye mlango ule ule. Fedha yake ilipaswa kugawanywa kwa washambuliaji wawili au watatu wa kupambana mbele ya lango, na Tavares kusainiwa tena iwapo tu angekubali kushusha sana mshahara.

Mkataba wa Marner ulikuwa unamalizika Juni 30, 2025. Soko la wachezaji huru lilikuwa linafunguliwa Julai 1, saa sita mchana kwa saa za Toronto.